Sindano au kidonge: kuchagua dawa ya baridi yabisi ukiwa Lamu au Malindi

Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye methotreksati, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, haikumtosha huwekewa mbele dawa za aina mbili: sindano ya kuzuia TNF, protini inayobeba ujumbe wa uvimbe, au kidonge cha kuzuia JAK, vimeng'enya vya ndani ya seli vinavyopokea ujumbe wa aina hiyo. Hapa kaunta ya dawa, Malindi, wengi huniuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo halimfikishi mtu mbali, kwa kuwa nguvu zao zinakaribiana. Tofauti kubwa ni mahali zinapoukatia ujumbe wa kinga ya mwili. Sindano huukata nje ya seli, kidonge huukata ndani. Ukishalielewa hilo, habari ya friji, kifua kikuu, moyo, mfungo na mimba itakuwa rahisi kuifuata.

Baridi yabisi ninayoisema hapa si maumivu ya magoti ya mtu mzima aliyechoka ngazi. Ni ule ugonjwa ambao kinga inavishambulia viungo vya mwili wenyewe: vidole vinavimba mikono yote miwili, na asubuhi mtu hawezi kukunja ngumi mpaka saa nzima ipite au zaidi. Na kama hujapewa methotreksati kwa kipimo cha kutosha na kwa miezi ya kutosha, rudi kwenye hiyo kwanza. Ni ya bei nafuu, na wengi inawatosha. Ila humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Wapo walioimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi ya boksi wakaishia kulazwa.

Ujumbe unavyoingia

Seli za kinga hutumiana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. TNF ni mojawapo. Nyingine ni intaferoni, na intaleukini ambazo zimepewa namba, kama IL-6. Saitokini haiingii ndani ya seli. Hufika kwenye utando, hushika kipokezi chake, na safari yake huishia hapo. Ni kama lori la mzigo wa Amu, yaani mji wa Lamu: litatoka Mombasa, lipite Malindi, Garsen na Witu, lakini likifika Mokowe limefika. Mzigo utapokewa na wapagazi wa gatini, utiwe chomboni, uvushwe.

Wapagazi hao ndio JAK. Wako chini ya kipokezi, upande wa ndani wa utando, wanangoja. Saitokini ikishashika kipokezi, JAK mbili husogezwa karibu zikaamshana kwa kubandikana fosfeti, alama ndogo ya kikemikali, kisha hubandika fosfeti nyingine kwenye mkia wa kipokezi. Hapo protini iitwayo STAT hutia nanga, nayo hubandikwa fosfeti yake, huungana na STAT mwenziwe, na wawili hao huvuka hadi ndani ya kiini cha seli kuwasha jeni. Yote hayo ni suala la dakika. JAK zote ni nne tu: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. STAT ziko saba. Saitokini na homoni zinazowategemea wapagazi hao wanne zinapita 50. Kwa hiyo mpagazi mmoja akigoma, malori yanayokwama ni mengi, hata yale yaliyobeba vitu unavyovihitaji. Madhara ya kidonge mengi yametoka hapo.

TNF ina njia yake isiyopitia kwa JAK. Kipokezi chake kikishikwa, huvuta protini TRADD, TRAF2 na RIPK1. Hizo huamsha kimeng'enya kiitwacho IKK. IKK nacho huitia alama protini IκB, ambayo kazi yake ni kuikamata NF-κB isiende popote. IκB ikishatiwa alama huvunjwavunjwa, NF-κB ikawa huru, ikaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe. NF-κB iligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, na mpaka leo ukifungua utafiti wowote wa uvimbe utaikuta.

Sasa, miongoni mwa jeni inazoziwasha NF-κB imo ya IL-6. Na IL-6 ikishatoka kwenda kwa seli nyingine, huko hupitia kwa JAK. Njia mbili zinalishana. Ndiyo sababu dawa mbili zinazokata sehemu tofauti kabisa zinaweza kukupa vidole vile vile vilivyonywea.

Ukubwa wa dawa

Adalimumabu, mojawapo ya sindano za kuzuia TNF, ni kingamwili kamili, yaani protini kubwa ya kinga, yenye uzito wa daltoni 148,000 hivi. Tofasitinibu, kidonge cha kwanza cha JAK kwa ugonjwa huu, ina daltoni 312. Tofauti ni zaidi ya mara 450. Kitu kikubwa kama kingamwili ukikimeza, tumbo litakisaga kama linavyosaga samaki. Na hata kikifika kwenye damu hakipenyi utando wa seli, kwa hiyo lazima kifanye kazi nje: huikumbatia TNF kabla haijagusa kipokezi. Tofasitinibu hupenya ukuta wa utumbo, hupenya utando wa seli, na hujichomeka kwenye JAK pale pale ambapo ATP, chanzo cha ile fosfeti, ingekaa. JAK hubaki mikono mitupu.

Wazo la sindano lilithibitishwa London. Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa infliksimabu, kingamwili nyingine ya kuzuia TNF, mwaka 1992. Wazo la kidonge lilitoka kwa watoto. Katikati ya miaka ya 1990 ilijulikana kwamba mtoto akizaliwa bila JAK3 inayofanya kazi hukosa kinga karibu kabisa, ilhali viungo vingine vya mwili viko sawa. Watafiti wakajiuliza: je, tukiidhoofisha kidogo tu kwa mtu ambaye kinga yake imezidi ukali? Tofasitinibu iliidhinishwa Marekani Novemba 2012.

Joto, barafu na umeme

Kwa wakazi wa visiwani hili ndilo ningelianza nalo. Sindano hizi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Adalimumabu ya asili inaruhusiwa kukaa nje ya friji hadi siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 25. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi ni nadra kushuka chini ya hapo hata usiku, kwa hiyo ruhusa hiyo kwetu ni kama haipo.

Wengi wanaogopa joto na kusahau kuganda. Mama mmoja wa Pate alikuja na sindano zake ndani ya kasha la samaki, zimelala moja kwa moja juu ya barafu iliyosagwa.

"Mwanangu, nimezitunza," akaniambia, "hata mkono ukiziguza wauma kwa baridi."

Nikamuuliza, "Barafu yenyewe, mama, ilizigusa tangu wapi?"

"Tangu Faza."

Nilizishika kwenye mwanga: maji yake meupe, hayana chembe, hayana ukungu. Kwa macho huwezi kujua. Lakini protini iliyoganda yaweza kubadilika umbo, na umbo likibadilika huenda isishike tena TNF vizuri. Hatukuzitumia. Kama ni lazima usafiri nazo, weka taulo kavu au katoni kati ya sindano na barafu, na ukipanda basi usizitie kwenye buti la chini karibu na injini. Wa Faza na Kizingitini ahesabu pia maji. Chombo kinachopita mlango wa bahari wa Mkanda hungoja maji kujaa, na wakati wa kusi safari yaweza kulala.

Kidonge hakitaki friji. Kinataka kukaa kwenye chombo chake, mbali na unyevu, jambo ambalo kwa pwani yetu si dogo: usivimwage vidonge kwenye kijaluba ukakiacha dirishani.

Kwa upande mwingine, sindano ina subira. Adalimumabu ya miligramu 40 huchomwa kila baada ya wiki mbili, etanasepti, sindano nyingine ya TNF, ya miligramu 50 kila wiki, na mgonjwa hujichoma mwenyewe pajani au tumboni. Kiasi cha adalimumabu mwilini hupungua nusu kwa muda wa wiki mbili hivi, basi ukichelewa siku moja si balaa. Tofasitinibu hupungua nusu kwa saa tatu tu. Ndiyo maana ile ya kawaida, miligramu 5, humezwa mara mbili kwa siku. Mvuvi anayelala baharini akasahau vidonge nyumbani ataanza kukijua kiungo chake siku mbili tatu baadaye.

Ufupi huo wa muda una heri yake pia. Ukipata homa kali au ukihitaji upasuaji wa haraka, kidonge ukikiacha leo, kufikia kesho karibu chote kimetoka. Sindano uliyochomwa jana utakaa nayo wiki kadhaa, upende usipende.

Kifua kikuu kwanza

Kenya imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Watu wengi wana vijidudu vyake vilivyolala, vimezungushiwa ukuta wa seli za kinga ndani ya mapafu. TNF ni mojawapo ya vinavyoushikilia ukuta huo. Mwaka 2001, miaka michache baada ya infliksimabu kuingia sokoni, iliripotiwa kwamba wanaoitumia walikuwa wakiamkiwa na kifua kikuu, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo. Etanasepti inaonekana kuwa na hatari ndogo kuliko kingamwili kamili kama infliksimabu na adalimumabu. Kwa mtu aliyewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, mimi ningeuliza habari zake kabla ya hizo nyingine.

Kidonge hakimwokoi mtu hapa. Intaferoni gama, inayoziamrisha seli zimeze vijidudu na kuviua, hupitisha ujumbe wake kwa JAK1, JAK2 na STAT1. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote kati ya hizi, upimwe: picha ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu. Cha damu ni bora kwetu kwa sababu chanjo ya BCG tuliyochomwa utotoni haikichanganyi.

Wakikuta TB iliyolala, utapewa dawa za kuizuia kwanza, angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza. Hapa pana mtego unaokihusu kidonge zaidi. Rifampisini na ndugu yake rifapentini, ile inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, hulichochea ini livunje tofasitinibu haraka. Utakuwa unameza dawa ambayo haikai mwilini. Ama umalize dawa za TB kwanza, ama upewe isoniazidi peke yake, ama uchague sindano. Mweleze daktari mapema. Usidhani kliniki ya kifua na kliniki ya viungo zinasomeana mafaili.

Homa ya ini aina ya B nayo ipimwe, kwa dawa zote mbili.

Mkanda wa jeshi ni jambo la kidonge. Virusi vyake hukaa vimelala kwenye neva tangu ulipougua tetekuwanga, na intaferoni ndizo zinazovichunga. Intaferoni zikikosa JAK za kuwapelekea ujumbe, virusi huamka. Ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili, yanawaka kama moto, njoo siku hiyo hiyo.

Moyo

Utafiti mkubwa uliowafuata wagonjwa 4,362, wote wa miaka 50 kwenda juu na kila mmoja ana angalau kitu kimoja cha kuhatarisha moyo (sigara, presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu), ulilinganisha tofasitinibu na sindano za TNF. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliomeza kidonge walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani zaidi kuliko waliochomwa sindano. Tofauti haikuwa ya kutisha kwa mtu mmoja mmoja, lakini ilikuwapo. Kabla hata ya kuchapishwa, Septemba 2021, Marekani iliamua kwamba kidonge kitolewe tu kwa aliyeshindwa na sindano ya TNF. Ulaya nao wakafuata na onyo kwa wenye miaka 65 na zaidi, wavuta sigara, na wenye hatari ya moyo au saratani. Damu kuganda kwenye mshipa wa mguu au mapafu imo kwenye onyo hilo pia.

Kwa hiyo nahodha wa miaka 58, mwenye presha na paketi ya sigara mfukoni, mimi nitamwambia achague sindano, na friji tutaitafuta. Hata kama ni kuomba nafasi kwenye friji ya zahanati ya jirani. Binti wa miaka 30 wa Siyu asiyevuta, asiye na presha, ambaye umeme wa kwao una mambo yake, kidonge kinamfaa zaidi, mradi swali la mimba limejibiwa. Miongozo mingi itampeleka kwenye sindano kwanza hata yeye. Nadhani imeandikwa na watu ambao friji zao hazizimiki.

Moyo una upande wa pili. Mtu ambaye moyo wake umedhoofika kiasi cha kuhema akitembea hatua chache hapaswi kupewa sindano ya TNF, kwani inaweza kuuzidisha udhaifu huo. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa neva kuvuliwa ganda lake.

Vipimo vya kila baada ya miezi kadhaa vinatofautiana kidogo. Anayemeza kidonge aangaliwe mafuta ya damu, ini, na wingi wa damu, maana homoni inayouamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu hupitia kwa JAK2. Pia CRP, kile kipimo cha uvimbe, hushuka kidonge kikianza kazi, kwa kuwa ini huitengeneza kwa amri ya IL-6 kupitia STAT3. Ukiwa na homa na CRP ikatoka ndogo, usiambiwe huna kitu ukaridhika.

Mfungo, Hija na mimba

Ramadhani ni nyepesi kwa wote wawili. Sindano ya chini ya ngozi isiyo chakula, wanazuoni wengi hawaihesabu kuwa imefunguza, na unaweza kuichoma usiku ukaondoa shaka. Kidonge cha mara mbili huangukia futari na daku. Masafa hayalingani, na wengi wanaendelea vizuri, lakini lizungumze na daktari Shaabani badala ya kungoja mwandamo.

Hija inataka mipango zaidi. Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, na chanjo hiyo ina virusi hai. Ukishaanza dawa yoyote kati ya hizi, chanjo hai hazichomwi. Mwenye nia ya kwenda achanjwe kwanza, angoje wiki alizoambiwa, ndipo aanze dawa. Aliyekwisha kuanza aombe barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo. Chanjo ya uti wa mgongo inayodaiwa kwa mahujaji haina vijidudu hai, hiyo haina neno.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, au asiyetumia uzazi wa mpango, jibu ni sindano. Dawa za JAK haziruhusiwi wakati wa mimba wala kunyonyesha. Sindano za TNF zina uzoefu wa miaka mingi kwa wajawazito, na mojawapo, setolizumabu, iliundwa bila ile sehemu ya kingamwili inayovushwa na kondo la nyuma, hivyo kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Na methotreksati iachwe miezi kadhaa kabla ya kutafuta mimba. Hilo halina mjadala.

Nguvu yenyewe, kwa wanaotaka kujua

Mwaka 2012 tofasitinibu na adalimumabu zilipimwa katika utafiti mmoja, kila moja kwa kundi lake, wagonjwa wote wakiwa kwenye methotreksati, na zikatoka karibu sawa. Barisitinibu (2017) na upadasitinibu (2019), vidonge vilivyofuata, viliipita adalimumabu kidogo. Kidonge huwahi: wengi huhisi tofauti ndani ya wiki mbili. Sindano ipe hadi miezi mitatu kabla ya kuihukumu.

Sindano ina udhaifu mmoja zaidi. Mwili unaweza kuitambua kuwa ni protini ngeni ukaitengenezea kingamwili za kuipinga, na dawa iliyokufaa mwaka mzima ikaanza kupwaya. Kuendelea na methotreksati pembeni hupunguza hilo. Kidonge ni kidogo mno kutambuliwa hivyo.

Prednisoloni sijaiweka kwenye ulinganisho huu kwa makusudi, ingawa ndiyo inayouzika kuliko zote mbili. Nayo huingia ndani ya seli, hushika kipokezi chake humo, na kuidhibiti NF-κB. Ndiyo maana inatuliza kila kitu kwa siku mbili. Pia ndiyo maana ukiitumia miaka inakula mifupa, inapandisha sukari na kuufanya uso uvimbe. Ni ya kukuvusha wiki chache dawa nyingine ikingojewa. Anayeinunua kila mwezi bila karatasi ya daktari hajachagua dawa.

Kuhusu fedha, uliza bei ya sindano zilizoigwa kihalali baada ya hataza kuisha, kwani ni nafuu kuliko za asili, na uliza SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia ipi kabla hujaanza. Dawa unayoweza kuilipa miezi mitatu tu, kisha ukaiacha, haikufai hata iwe bora namna gani.

Mwisho, hizi mbili hazitumiki pamoja hata siku moja; kinga itakatwa kotekote. Hubadilishwa. Anayetoka kwenye kidonge kwenda kwenye sindano hana haja ya kungoja sana, maana kidonge kimeshatoka mwilini. Anayetoka kwenye sindano, kwa kawaida huanza kidonge siku ambayo sindano yake ijayo ingechomwa, kwa hiyo njoo na kadi yenye tarehe ya ile ya mwisho.